Waridi la Mama Lenye Njaa

Mwaka ule wa 1984 tulipanga chumba kimoja Maisaka, hapa Babati. Sabuni adimu, sukari adimu, mafuta ya taa ndiyo usiseme! Mimi Hilaria nilikuwa na mali moja tu: kitawi cha waridi ndani ya kopo. Nilikikata mlangoni kwa mama yangu, kule Mbulu, siku tatu baada ya kumzika. Nyumba yake ikabomolewa baadaye. Kwa mama kilibaki kitawi kile tu.

Kilishika mizizi, kikatoa majani. Nikasema, waridi la Mbulu limezoea baridi, jua la Babati litaliua. Nikaliweka ndani, chini ya dirisha tulilolipigilia bati kuzuia wezi. Lisikae gizani, nikaliwashia kibatari kutwa nzima.

"Mama Fabiola," mume wangu Melkiadi alilalamika, "napanga foleni ya mafuta tangu alfajiri, wewe unayanywesha maua?"

"Niache na mama yangu!" nikamjibu. Nilikuwa mkali siku zile.

Lakini waridi lilirefuka, likapauka, likainamia kibatari. Majani yakaanza kudondoka. Nilimkumbuka mama mpaka chakula kikanishinda. Niliona kama namzika mara ya pili.

Jumamosi moja Melkiadi akamleta jirani yetu, mzee Aminiel, bwana shamba.

"Shikamoo, Bwana shamba."

"Marahaba. Mgonjwa yuko wapi?"

Nikamwonyesha. Akazima kibatari, akaweka kiganja juu ya kopo.

"Unaona kivuli cha mkono wangu kwenye majani?"

"Sioni."

"Basi hapa mwanga hautoshi. Mmea unajitengenezea chakula kwa mwanga. Ua lako lina njaa."

"Na kibatari je?"

"Mwanga wake ni mdogo, tena wa njano njano. Mwanga wa jua una rangi zote, zile za upinde wa mvua. Mmea unazihitaji, hasa bluu na nyekundu. Halafu tazama." Akapitisha kidole kwenye jani, kikatoka cheusi. "Masizi."

"Wenye umeme wanafanyaje?"

"Wachague taa nyeupe ya tyubu, ile ndefu, inayokaribia mwanga wa mchana. Waitundike karibu, shibiri moja juu ya majani. Iwake saa kumi na nne hivi, kisha waizime, maana mmea nao unahitaji giza. Lakini wewe, mama, una jua la bure, na umelipigilia bati!"

Nikabisha kidogo. "Si litaungua?"

"Litaungua ukilitoa ghafla. Anza na jua la asubuhi, muda mfupi tu. Kila siku ongeza kidogo."

Melkiadi akang'oa bati, akapigilia fito imara. Mimi nikafuta majani kwa kitambaa chenye maji. Kila baada ya siku mbili niligeuza kopo, waridi lisipinde upande mmoja.

Wiki ya tatu machipukizi yakatoka, mafupi, ya kijani hasa. Kibatari tukakiwasha jioni tu, wakati wa kula. Miezi ikapita. Asubuhi moja nikakuta ua limefunguka, jekundu, na chumba kizima kinanukia.

Nikalia kwa sauti. Melkiadi akaja mbio.

"Jamani, Mama Fabiola! Limechanua, unalia nini tena?"

"Nimwambie nani?" nikasema. "Habari hii ni ya mama."

Alivuta kigoda, akakaa nami pale dirishani mpaka jua likapanda.