Mtandao Unajengwa Hadi Saa Kumi

Kila siku baada ya masomo, Kwanini alipitia karakana ya mjomba wake. Kwanini halikuwa jina lake la kwenye daftari la shule. Mjomba ndiye aliyembandika jina hilo kwa sababu ya maswali yake yasiyoisha, nalo likamganda. Mjomba alikuwa fundi wa miguu ya bandia. Karakana yake ilinukia gundi na vumbi la plasta, na ukutani ilining'inia miguu ya plastiki, mirefu kwa mifupi. Meza ya Kwanini ilikuwa kando ya tanuri dogo la umeme. Hapo ndipo alipofanyia kazi zake za shule.

Ijumaa hiyo mwalimu wa sayansi alikuwa amewapa kazi ya kukusanywa wiki ijayo: andika maana nne za neno "mtandao". Kwanini alikuna kichwa. Mtandao si ule wa simu tu? Hizo tatu nyingine angezitoa wapi?

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Leo tulia, usiguseguse vitu. Nakwenda kumleta bibi yako, mguu wake unakamilika leo."

Kwanini aliruka kwa furaha. Bibi alikuwa amekatwa mguu mmoja mwaka uliopita kwa sababu ya kisukari. Mguu wa bandia wa kwanza ulimchubua vibaya, akausukumia uvunguni. Tangu hapo hakuweza kutembea hadi getini, mahali alipozoea kumsubiri mjukuu wake. Kwanini alipofika nyumbani na kukuta geti tupu, roho ilimuuma. Sasa mjomba alikuwa anamtengenezea bibi soksi ya mpira laini ya kuvaa ndani ya mguu mpya, ili asichubuke tena. Ilikuwa ndani ya tanuri, katika kalibu, chombo kinachoipa umbo, tangu saa sita mchana.

Juu ya tanuri mjomba alibandika karatasi: USIZIME. MTANDAO UNAJENGWA HADI SAA KUMI.

Mjomba alipoondoka, Kwanini alitoa simu ya zamani ya mama yake ili atafute maana za mtandao. Chaji ilikuwa asilimia mbili, na soketi ilikuwa moja tu, ile ya tanuri. Akaisoma karatasi. Akaitazama simu. Mistari ya mtandao ilikuwa imejaa yote minne.

"Kumbe umeshajengwa!" alisema, akijiona ana akili kuliko darasa zima. Akachomoa plagi ya tanuri, akachomeka chaja.

Alisoma kidogo, kisha video moja ikamvuta kwenye nyingine. Aliposhtuka, magurudumu ya kiti cha bibi yalikuwa yanagonga kizingiti. Karibu saa nzima ilikuwa imepita. Haraka haraka akairudisha plagi ya tanuri.

"Mke mwenzangu!" bibi alimtania, kama kawaida yake. "Mmenipikia nini kwenye jiko hilo?"

"Hicho hakiliwi, mama," mjomba alicheka. "Humo mna vijinyuzi vidogo mno, macho hayavioni. Mwanzoni kila kimoja kinaelea peke yake, ndiyo maana mpira unakuwa ujiuji. Vikipata joto saa nne mfululizo, vinashikana kila upande. Huo ndio mtandao tunaoujenga."

Bibi aliinua sweta alilokuwa akilifuma. "Kama vitanzi vyangu hivi."

"Hasa! Visiposhikana je?"

"Linafumuka lote."

"Basi na mpira ni hivyo hivyo. Juu utauona mzuri, kumbe ndani unanata. Ukiuvaa, unachanika na kukutia vidonda."

Kwanini aliisoma tena ile karatasi. Kumbe si mtandao wa simu! Akisema, bibi atarudi nyumbani bila mguu na mjomba atafoka. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Lakini bibi alikuwa ameanza kufungua bendeji yake taratibu, na kovu la mchubuko wa zamani lilikuwa bado jekundu.

Saa kumi ilipofika, mjomba alivaa glavu, akaishika kalibu.

"Mjomba, usifungue!"

"Kwanini?" aliuliza mjomba, na safari hii hakuwa akimwita jina.

Akaeleza yote huku machozi yakimtoka: chaja, mistari minne, video. Mjomba alivua glavu zake.

"Nimekasirika, sikufichi," alisema. "Nilikwambia usiguse. Ningefungua kalibu sasa, umbo la mpira lingeharibika na kazi yote ingekuwa bure. Kwa kuwa bado uko ndani ya kalibu, tutaupasha moto upya kesho, saa nne kamili." Akaitazama karatasi yake, akatikisa kichwa. "Na mimi niliandika kama vile wote humu ni mafundi."

"Mwaka mzima nimesubiri," bibi alisema, akimfuta mjukuu wake machozi kwa ncha ya kanga. "Nitashindwa na siku moja?"

Jumamosi Kwanini alilinda tanuri tangu asubuhi, mikono mapajani. Kalibu ilipofunguliwa, mjomba aliuvuta mpira kwa vidole. Ukanyumbuka, ukarudi vilevile.

Jumatatu, alipokaribia nyumbani, Kwanini alisimama ghafla. Bibi alikuwa getini. Alikuwa amesimama kwa miguu miwili, ameshika fimbo. Kwanini alikimbia, kisha akapunguza mwendo asije akamwangusha, akamkumbatia polepole.

"Bibi, sijamaliza kazi ya mwalimu. Nimeandika mtandao wa simu, wa mabomba ya maji na wa vijinyuzi vya mpira. Bado mmoja."

"Andika sisi," bibi alisema. "Ijumaa ungeninyamazia, ningevaa mguu ule kwa kukuamini, na ningeumia. Watu tunashikana kwa ukweli tunaoambiana, mjukuu wangu. Kosa ulilifanya, lakini ulilisema mapema, likarekebishika. Ungelificha, ungekuwa umekata kitanzi kati yako na mimi."

Kwanini akatoa daftari, akaliegemeza kwenye geti, akaandika maana ya nne.

"Sasa nipishe nipite," bibi alisema, "leo mimi ndiye ninayekupeleka ndani."