Maji Aliyoyaogopa Jenerali Lombaard

Kila mchana, kondoo walipojibanza kivulini, Jenerali Gideon Lombaard alisinzia barazani. Zamani aliongoza wapanda farasi wa Kiboer, Makaburu wa Afrika Kusini, vitani. Baadaye alikaa bungeni miaka mingi. Sasa alikuwa mkulima mzee. Usingizini aliwaona vijana wake wa vita wamepiga magoti mtoni, wakinywa. Ukungu ulielea juu ya maji. Alipowaita, walififia.

Siku moja mkewe, Aletta, alimwamsha.

"Baba, Sannie anawaka moto! Hata uji kaukataa."

Daktari alikwishasema mjukuu wao huyo ana homa ya matumbo. Jirani yao, muuguzi Bettie Naudé, alikuja kusaidia. Akauliza, "Mnakunywa maji ya wapi?"

"Ya kijito," alijibu Jenerali. "Maangavu kama kioo."

"Na choo?"

Aletta alionyesha juu mlimani.

"Mjomba Gideon! Mvua ikinyesha, uchafu wote unashuka kijitoni. Uchafu huo una vijidudu visivyoonekana kwa macho. Ndivyo vinavyoleta homa hii."

"Acha hizo, binti! Nimekunywa maji ya mito vita vyote, na bado nadunda."

"Wewe, sawa. Na vijana wako?"

Macho ya Jenerali yalikwenda mbali, kwenye vilima vya buluu.

"Homa hii hii iliniulia wengi kuliko risasi," alisema taratibu. "Nikawazika, nikasema ni mapenzi ya Mungu."

"Hukujua, Mjomba. Leo unajua. Maji yachemke mpaka yatokote, kisha yafunikwe. Mikono ioshwe kwa sabuni mkitoka chooni, na kabla ya kushika chakula."

Kesho yake Jenerali alivua koti, akashika sururu. Yeye na wafanyakazi wake walichimba choo kipya upande wa chini wa nyumba, mbali na kijito. Nyumba za wafanyakazi nazo zikapata masufuria makubwa ya kuchemshia maji. Sannie aliugua wiki kadhaa, amekonda kama kivuli. Hatimaye, asubuhi moja, aliketi kitandani.

"Bibi, nataka mkate. Na jemu nyingi!"

Aletta alicheka huku analia. Tangu hapo hakuna aliyeugua tena homa ile shambani.

Wazee waliopigana naye vitani walipokutana mwaka huo, Jenerali aliwamiminia maji yaliyochemshwa. Rafiki yake Faan alicheka.

"Jenerali, hukuogopa mizinga, leo unaogopa maji?"

"Naogopa, Faan. Ningeyaogopa mapema, leo meza hii isingetutosha."

Faan aliacha kucheka. Akasogeza kikombe chake ajaziwe.