Barua Niliyoisoma Nusu

Kila siku nikitoka shuleni, namsaidia mama kwenye mashine yetu ya kusaga mahindi hapa mtaani kwetu Kikula. Kaka yangu mkubwa, Djibril, ambaye namwita Yaya, aliinunua kwa mkopo wa banki, kisha akaenda Afrika Kusini kupaka rangi nyumba za watu. Yeye ndiye anayetuma pesa ya kulipa mkopo. Lakini mwezi mmoja anapata kazi, mwezi mwingine hapati.

Barua za banki huandikwa kwa Kifaransa, na mama hakijui. Barua ikifika, mimi ndiye ninayemsomea.

Siku ilipofika barua ya kwanza ya banki ya kudai malipo, Yaya alinipigia simu. "Karima, niko bila kazi. Usimwambie mama. Nitalipa."

Basi nikamsomea mama salamu za mwanzo, nikamwambia kwamba banki inatusalimu tu. Barua ya pili nikafanya vilevile.

Jumamosi, Bwana Hilaire wa banki akaja na mnyororo na kufuli. Wateja walikuwa kwenye foleni na mabeseni yao.

"Mama, tumekuandikia mara mbili kuhusu deni. Mashine tunaifunga."

Mama akanigeukia. "Karima! Banki inatusalimu, ee? Hii kufuli ndiyo salamu?"

Nikamwambia Yaya hana kazi, na kwamba ndiye aliyenikataza kusema. Mama akanyakua simu, akampigia.

"Djibril! Weye unaona haya kusema huna kazi, lakini huoni haya kumufundisha mutoto uongo?"

"Nisamehe, mama."

"Sitaki pole! Utatuma ngapi?"

"Mwezi huu hakuna kitu."

"Aa! Hilo neno lilikushinda miezi miwili?"

Bwana Hilaire akatikisa kichwa. "Mngekuja mapema, tungegawanya malipo bila faini."

"Na ukifunga, nitakulipa na nini? Na mate?"

Wateja wakacheka. Bwana Hilaire akampigia mkubwa wake simu, wakazungumza muda mrefu. Wakakubali wasiifunge: kila wiki mama atapeleka sehemu ya mapato ya mashine, na Yaya ataongeza akipata kazi. Lakini faini ilibaki.

"Pesa ya nguo yako ya Idi imekwenda kwenye faini," mama akaniambia. Hakuwa anatania.

Kisha akaniketisha, akaweka barua zote mbili mbele yangu. Sauti yake ilikuwa bado kali.

"Deni halikunikasirisha, Karima. Deni tungelifanyia kazi. Habari mbaya ukiniambia mapema, napata muda wa kufanya kitu. Ukinificha, unaniachia kufuli. Sasa soma. Anza juu, na usiruke hata neno moja."

Nikasoma.