Uso Mwekundu wa Conall Breslin

Kila asubuhi Conall Breslin alipanda mlimani kuwaangalia kondoo wake. Upepo wa Donegal, jimbo lake la pwani, ulimchapa usoni. Akirudi alikunywa chai ya moto sana, na mashavu yakawaka. Pua ilikuwa nyekundu, imejaa vipele.

Zamani Conall alikuwa mlevi. Aliacha pombe mkewe alipougua, na hakuionja hata siku ya mazishi yake. Lakini wekundu ulizidi mwaka hadi mwaka, na watu wa mji wake, Ardara, walisema mzee bado anakunywa kwa siri. Binti yake, Sorcha, alisema hivyo hivyo.

Siku moja Conall alimwomba Sorcha amruhusu kumchukua mjukuu wake, Éabha, waende kwenye maonyesho ya kondoo. Sorcha alimtazama usoni.

"Mtoto wangu hapandi gari lako, Baba."

"Sijanywa, Sorcha."

"Ndivyo ulivyokuwa ukimwambia Mama."

Conall aligeuka, akaenda zake. Ni kweli zamani alikuwa akisema hivyo.

Nyumbani alipata krimu ambayo marehemu mkewe alijipaka mikononi ngozi ilipomwasha. Akajipaka usoni. Mwanzoni wekundu ulipungua. Kisha ukarudi mkali zaidi, na ngozi ikawa kama imemwagiwa maji ya moto. Krimu ilipoisha, akaenda duka la dawa kutafuta nyingine.

Mfamasia, Nuala Gildea, aliuliza anaipaka wapi. Aliposikia ni usoni, alikataa kumuuzia. Alisema ile ina steroidi, dawa kali ya kuzuia mwasho. Hutuliza kwa muda, halafu huzidisha tatizo.

"Sema tu kwamba ni pombe," alisema Conall. "Wote wanasema."

"Mzee Conall, hii inafanana na rosasia. Ni ugonjwa wa ngozi. Mama yangu anao, na pombe hajaigusa maishani. Pombe huuchochea, lakini hata jua, upepo na chai ya moto huuchochea. Nenda kwa daktari akupime."

Daktari alithibitisha, akamwandikia jeli ya metronidazoli, dawa ya kupaka ngozini. Nuala alimweleza namna ya kuitumia. Aoshe uso taratibu kwa maji ya vuguvugu, bila kusugua. Apake jeli kidogo tu, eneo lote lenye wekundu, mbali na macho. Macho yakianza kuwasha, arudi kwa daktari. Chai aiache ipoe, na akitoka ajikinge na jua. Asikate tamaa mapema, maana nafuu huchukua wiki nyingi. Na uso ukitulia, asiache dawa bila kumuuliza daktari, kwa kuwa rosasia hutulizwa tu, haiondoki kabisa.

Conall alifuata yote. Miezi michache baadaye, wana-kondoo walipoanza kuzaliwa, vipele vilikuwa vimekwisha na wekundu umefifia.

Sorcha alipomwona, machozi yalimlengalenga.

"Kweli umeacha, Baba. Sasa naona."

"Niliacha mama yako akiwa hai. Nilichoanza juzi ni kupaka dawa."

Akamweleza habari ya rosasia. Sorcha aliinamisha kichwa, akaomba radhi.

"Na dawa isingenifaa," aliuliza Conall, "ungeniamini lini?"



Siku hizi Éabha hupanda gari la babu yake kila Jumamosi, na kicheko chao husikika hadi barabarani. Conall anaendelea na dawa yake. Sorcha akija, Conall humkaribisha vizuri, humuuliza habari za kazi, kisha hutoka kwenda kwa kondoo, maana swali lake bado halijajibiwa.