Hitima ya Watoto Wangu wa Darasa la Pili

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na saba. Sina mume, sina mtoto, na mkono wangu wa kushoto haukunjuki. Naishi Soga na mama yangu mzazi, tunalima mihogo. Zamani nilikuwa mwalimu... Nikiliandika tu neno hilo machozi yananitoka.

Nimesoma mikasa yenu mingi. Wengine mmeachwa na waume, wengine mmeporwa wachumba na mashoga zenu. Poleni. Lakini ni nani kati yenu aliyefiwa na watoto watatu kwa siku moja, na hakumzaa hata mmoja wao? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, hilo nalijua. Hata hivyo nisikilizeni.

Baba yangu alifariki nikiwa mdogo. Mama akarudi kwao Soga, mimi nikabaki kwa baba mdogo huko ndani Kisarawe, katika kijiji chetu cha ujamaa. Kwa malezi simsemi vibaya. Nilikula, nilivaa, nilisoma mpaka darasa la saba. Alikuwa mtu wa msikitini, mwenye shamba zuri la mikorosho na ulimi mtamu... Mtamu mno!

Mwaka niliomaliza shule nilivunja ungo, nikawekwa ndani kama ilivyo ada yetu. Wasomaji wa bara huenda mnacheka, lakini kwetu mwali akiwa ndani hamtazami mkubwa usoni, wala hajibizani. Shangazi yangu, dada yake marehemu baba, ndiye aliyenifunda. Kila siku wimbo ulikuwa mmoja: mwali mwenye adabu hana mdomo.

Basi siku moja shangazi akaingia, akakaa karibu yangu mkekani.

"Tatu, umeposwa. Kijana ni Salumu, yule mgambo wa ghalani. Unasemaje?"

Salumu nilimjua kwa sura tu, kijana mrefu, mpole, aliyelinda ghala la korosho la kijiji. Sikumchukia. Sikumpenda. Nilitaka kusema sijui, nilitaka kuomba nipewe muda nifikiri... Lakini nilikwisha fundishwa kuwa sina mdomo. Nikatazama mkeka.

Shangazi akapiga kigelegele mpaka nikashtuka. "Kanyamaza! Kakubali mwanangu!"

Ndivyo ilivyo kwetu. Kimya cha mwanamwali ndiyo ridhaa yake. Shangazi akamwambia baba mdogo, baba mdogo akamwambia mshenga, na Salumu akaambiwa kwamba nimekubali kwa moyo mkunjufu. Moyo mkunjufu! Nani aliuona?

Salumu alikuwa maskini, hakuwa na cha kutoa. Wakaelewana mahari yake iwe kulima shamba la baba mdogo. Akafyeka chini ya mikorosho, akapalilia, akaokota korosho msimu mzima, kisha jioni anakwenda kulinda ghala.

Mimi nilipotolewa ndani, bahati ikanitembelea, au nilidhani ni bahati. Serikali ilitaka kila mtoto asome, walimu hawakutosha, wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba wafundishe huku wakijifunza. Walimu wa UPE! Watu walitutania kwamba maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu. Nicheke, nilie? Nilikuwa na furaha isiyo kifani. Nilipewa darasa la pili, na siku ya kwanza watoto waliposimama wote kunisalimu, nilijua kazi yangu duniani ni hii.

Hapo ndipo mdomo ulipofunguka. Nilimwendea baba mdogo, nikapiga magoti, nikamwambia kwamba sitaki kuolewa sasa, na Salumu simtaki. Nilimwomba amwambie mapema ili asiendelee kuchoka bure. Hakunikemea. Alinishika bega, akasema nimwachie yeye, atazungumza na kijana kistaarabu, mimi nifundishe watoto wa watu.

Nikamwamini. Ningeachaje kumwamini aliyenilea?

Hakusema neno! Msimu wa pili ukaja, Salumu yumo shambani, jembe mkononi. Nilipouliza, baba mdogo alinijibu kwamba sasa ni kibarua tu, walikwisha elewana. Kumbe Salumu alikuwa akiambiwa kwamba mwalimu anamalizia masomo yake, avumilie kidogo.

Hata alianza kujenga nyumba. Alipita shuleni, akasimama mbali kwa heshima, akanisalimu. "Mwalimu, nyumba imebaki kuezekwa." Mimi nikamjibu hongera. Nilidhani amepata mchumba mwingine, nikamfurahia! Na yeye, masikini, alisikia hongera yangu akaondoka anapiga mluzi... Ee Mola, kila nikikumbuka mluzi ule!

Kisha akatokea bwana shamba mmoja wa Mlandizi, mtu mzima mwenye baiskeli na redio. Akaniposa. Baba mdogo akapokea posa na zawadi zake zote. Na safari hii hata mkekani sikuulizwa. Nilikuja kusikia kisimani, kama watu wengine.

Salumu naye aliisikia ghalani, mbele ya wenzake. Nasikia walimcheka sana. Walimwambia kwamba yeye alikuwa punda wa mzee, mwali amekwenda kwa mwenye redio. Nasikia hakujibu kitu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nafundisha kujumlisha kwa vijiti. Nilikuwa katikati ya madawati, nasahihisha, mara darasa likawa kimya. Nikainua kichwa. Salumu alikuwa mlangoni na bunduki ya ghala.

"Tatu," akaniita, na sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Nijibu mwenyewe. Ulinikubali, hukunikubali?"

Wasomaji, ningesema nini? Nikisema ndiyo, nimedanganya. Nikisema hapana, hajui kwamba nilikwisha kusema hapana zamani, na kwa nani. Nilitaka kumweleza yote. Neno halikutoka! Akauliza tena. Nikamtazama tu.

"Hata leo unaninyamazia?"

Akapiga, akapiga tena. Alinilenga mimi, hilo naapa. Lakini mimi nilikuwa katikati ya watoto, na watoto wakishtuka humkimbilia mwalimu wao...

Pili alikuwa ameng'oka meno ya mbele, akisoma sauti inapuliza kama filimbi. Mwanaidi alikuwa akiimba hesabu badala ya kuzisema, nikawa namwacha aimbe. Shomari aliandika kwa mkono wa kushoto, na nilikuwa nimemkataza babake asimchape kwa ajili hiyo. Pili na Mwanaidi hawakutoka darasani wazima. Shomari tulipakiwa naye kwenye Landrova ya watu waliopita, tukakimbizwa Tumbi. Mimi risasi ilinipasua kiwiko, yeye ilimpata tumboni. Njiani aliniuliza kama kesho kuna shule. Nikamwambia ipo. Hatujafika hospitali, alikwisha kata roho mapajani mwangu.

Salumu hakukimbia. Walimkuta amekaa kizingitini, bunduki chini, analia. Polisi wakamchukua, na mpaka leo hajaonekana tena. Simtetei! Mwenye uchungu si yeye peke yake duniani, na watoto wale walimkosea nini?

Madaktari wa Tumbi waliniokoa mkono, Mungu awabariki. Lakini nilipotoka hospitali sikuwa na pa kurudi. Kijijini nilikwisha pewa jina. Mwalimu muuaji! Walisema nilimchezea kijana wa watu, nikamlimisha miaka, kisha nikamtupa kwa sababu ya redio. Shangazi aliyenipigia kigelegele alitoa ushahidi kwamba nilikubali mbele yake. Baba mdogo je? Baba mdogo alisema yeye ni mzee tu, mambo ya wasichana wa siku hizi hayawezi. Mama akaja kunichukua pale hospitali, akanileta Soga.

Kila mwaka ukifika mwezi wa Rajabu, kijiji chetu husoma hitima ya watoto wale pale pale shuleni. Kila mwaka nilitaka kwenda, kila mwaka mama alinizuia. Mimi nilisoma Yasini peke yangu nyumbani. Nilikuwa na haja moja tu, nayo haikuniacha hata nilipolala: niketi na mama zao, waujue ukweli, waniruhusu kulia nao. Basi. Ni mengi hayo?

Mwaka huu nilikwenda. Nilipanga foleni kwa siku nyingi nikapata sukari, nanyi mnajua sukari ilivyo siku hizi. Mkono mtupu haulambwi, nikaifunga vizuri kwa kanga, nikaondoka.

Nilifika watu wamekwisha tandika majamvi. Wanawake waliniona, wakaacha kuzungumza. Nikatoa shikamoo, wakaitikia marahaba kwa kuwa kuikataa ni dhambi. Mmoja akaipokea sukari, akaipeleka kwenye chungu cha uji. Hakuna aliyenisogezea jamvi. Nikaketi mchangani.

Na aliyekuwa akiongoza dua nani? Baba mdogo! Ndevu nyeupe, kanzu safi, macho kayafumba. Akawataja Pili, Mwanaidi na Shomari kwa ile sauti yake tamu, na wanawake wakalia.

Dua ilipokwisha nilisimama. Mimi niliyefundwa kuwa sina mdomo, nilisimama mbele ya wanaume na wanawake! Nikasema yote. Nilisema nilikwenda kwake kwa magoti, nikamwambia simtaki Salumu, naye akamficha kijana, akamlimisha msimu wa pili kwa uongo, kisha akapokea posa nyingine. Nilisema kama Salumu angeambiwa siku ile, watoto wale leo wangekuwa vijana. Nilisema nikitetemeka, machozi na kamasi...

Nilingoja wamgeukie. Baba mdogo alikuwa anakunja jamvi lake. Hakukana, hakukubali. Wanaume wakaanza kunawa mikono, uji ukaanza kugawiwa. Mtoto mmoja alipewa kikombe ampelekee baba mdogo, naye akakipokea kwa mikono miwili, kama mzee mwenye heshima zake.

Mama Mwanaidi ndiye aliyenishika mkono, huu mzima, akanivuta mpaka nyuma ya darasa. Nikajua sasa ananikumbatia, sasa tunalia wote!

"Tatu mwanangu," akasema polepole, "haya unayoyasema sisi tunayajua."

Nikamwuliza tangu lini.

"Tangu arobaini ya watoto. Mzee mwenyewe alisema, mbele ya wazee, akalia. Wakamsamehe."

Nikamwuliza kwa nini basi jina baya nililibeba mimi? Kwa nini miaka yote hii hakuna hata mtu mmoja aliyefunga safari kuja Soga kuniambia?

Alinitazama kwa huruma, na huruma ile ilinichoma kuliko matusi.

"Mwanangu, yeye tunaye hapa. Anatuzikia, anatuombea, akivuna anatugawia. Ukimchukia mtu wa kuonana naye kila alfajiri utaishije? Na mimi mtoto wangu amekufa, lazima nimchukie mtu. Wewe ulikuwa mbali."

Akanipangusa machozi kwa upindo wa kanga yake, kisha akaniomba nisije tena, maana nikija wanashindwa kula. Akarudi kwenye chungu cha uji.

Nilitembea mpaka barabarani bila kuaga. Nimerudi Soga, na tangu siku hiyo mama ananiuliza ilikuwaje, ninamwambia walinipokea vizuri. Nitamwambia nini kingine mwanamke mzee?

Wasomaji wenzangu, sikuandika ili mnihurumie. Huruma nimekwisha pata, na mmeona ilivyo. Nawaomba haya machache. Wazazi, binti akinyamaza msimpigie kigelegele! Mwulizeni tena kesho, na kesho kutwa, mpaka aseme kwa mdomo wake, na akisema hapana, hapana hiyo ifike kwa mwenyewe siku hiyo hiyo. Msimlimishe mtoto wa mwenzenu kwa ahadi mliyokwisha ivunja. Wasichana, hapana yako usimpe mtu akupelekee, hata awe amekulea. Ipeleke mwenyewe, hata kama miguu inatetemeka.

Na kama katika kijiji chenu yupo mtu aliyehama na jina baya, ulizeni kwanza kama kweli ni lake, au mlimpa kwa sababu alikuwa anaondoka. Mkigundua si lake, mfuateni mkamwambie. Mimi hakuna aliyenifuata, na sasa hata akija, sijui kama nitamfungulia mlango.