Kaburi la Miaka Saba

Kaburi la Adelina Senna lilifukuliwa Jumanne, saa mbili na robo asubuhi, na ndani yake kulikuwa na mafuvu mawili.

La Adelina lilikuwa ndani ya jeneza lililooza. La pili lilikuwa katika udongo juu ya kifuniko, limebonyea upande mmoja, na kando yake hereni mbili za jiwe la kijani. Mchimba makaburi, mzee Lam, aliweka koleo chini akaenda kuita polisi. Polisi walikuja wakamfunga pingu yeye.

Jumatano mpelelezi Custódio Rego alimkuta mahabusu. Macau nzima ilikuwa imeshamhukumu.

"Mwaka 1980 ni wewe uliyelifukia kaburi lile?"

"Nusu. Mvua ilinikatisha saa kumi na moja jioni. Nikamalizia kesho yake saa moja asubuhi."

"Wanasema ulimzika huyo wa pili hapo katikati."

"Bwana mkubwa, nimezika watu elfu tatu, hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika." Lam hakucheka. "Kaburi la kukodi tunalifukua baada ya miaka saba, mifupa inaoshwa, inahamia kwenye kishubaka cha ukuta wa makaburi. Mfukuaji ni mimi. Nifiche maiti kwenye kabati nitakalolifungua mwenyewe? Na hereni niziache?"

Rego alifungua daftari. "Nani alibaki pale baada ya maziko?"

"Bwana Evaristo aliondoka na padri. Binti yake alibaki na mtumishi wao. Huyo binti huja kila Jumamosi, anawasha mishumaa miwili. Nilidhani mmoja wa mama, mmoja wa Yesu."

Evaristo Senna, mume wa marehemu, alizitambua hereni kabla hazijafika mezani.

"Za mke wangu. Nilimpa Ieng, mtumishi. Tungeoana msiba ukiisha. Siku ile ile ya maziko akatoweka. Nikajua kanikimbia."

"Nani alijua kaburi ni la miaka saba?"

Mzee akatazama viatu vyake. "Mimi na watu wa makaburini. Binti yangu nilimwambia nimelinunua la milele. Fedha yenyewe niliimaliza kwenye kamari ya mbio za mbwa. Jana niliagiza lifukuliwe kimyakimya, asijue."

Saa kumi na mbili kasoro dakika tano jioni, Deolinda Senna, binti huyo, aliwafungulia Rego na baba yake mlango. Alikuwa amevaa nyeusi. Miaka saba, na bado nyeusi.

"Nani amewapa ruhusa kumgusa mama? Lile kaburi ni letu milele!"

"Keti, dada."

"Sikai! Mchimbaji mmeshamfunga, kwangu mnatafuta nini?"

"Lam alijua kaburi litafunguliwa. Baba yako alijua. Aliyemficha mtu mle aliamini halitafunguliwa kamwe. Waliobaki pale siku ile ni Ieng na wewe, na wewe ulikuwa umedanganywa."

Deolinda akamgeukia baba yake aliyesimama mlangoni. "Baba, si ulilinunua?"

"Nililikodi, mwanangu."

Akaketi. Ubao mmoja wa ngazi ukalia.

"Mmesikia? Viatu vya mbao vya Ieng. Kila jioni saa hizi anapanda, na hafiki juu." Akafunga macho. "Mama hajafunikwa hata vizuri, yeye ameinama anapanga maua, hereni za mama zinamning'inia masikioni. Nikamuuliza, akasema, 'Bwana kanipa.' Nikampiga kwa chombo cha maua, cha jiwe. Akaangukia ndani. Nikamfukia kwa koleo la Lam." Sauti ikapanda. "Namwashia mshumaa kila wiki! Anataka nini tena?"

Rego alitazama ngazini. Hakukuwa na mtu. Hata hivyo hakutaka kukaa zaidi mle ndani.

Deolinda alifungwa miaka kumi na sita. Lam alilala mahabusu siku tatu, akatoka akakuta kazi yake kapewa mwingine. Evaristo alizika mke mmoja, akapoteza mchumba mmoja na binti mmoja, akabaki peke yake katika nyumba ya vyumba saba. Ieng alikuwa na miaka ishirini na miwili. Mama yake, ng'ambo ya mpaka, aliambiwa binti yake ametoroka na hereni za watu. Aliishi na aibu hiyo miaka sita, akafa. Mifupa ya Ieng ilipooshwa, hapakuwa na mtu wa kuipokea.