Kifurushi cha Saba

Nianze kwa kuungama. Mara ya kwanza nilipoisimulia hadithi hii, nilisema mbele za watu kwamba Fundi wa cherehani alimtaka Muuza Nyama tangu siku ya kwanza, na kwamba mbwa alikuwa kisingizio tu. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Sikujua kwamba Fundi mwenyewe amekaa nyuma yangu, mkasi mkononi. Basi leo naisimulia ilivyokuwa, na mbwa nampa heshima yake.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, saa ile ambayo bucha hujaa mpaka nzi wanakosa pa kutua. Muuza Nyama, mwanaume wa miaka thelathini na kitu, mikono minene na ulimi mwepesi, alikuwa anakata huku anataniana na foleni nzima. Zamu ya dada mmoja ikafika. Gauni la njano lilimkaa kama lilishonewa mwilini. Shingoni futi ya kupimia, kifuani pini tatu, usoni hakuna tabasamu hata la kuazima.

"Gramu hamsini," akasema. "Nyama ya paja. Bila mafuta, bila mfupa, bila ini. Saga."

"Gramu hamsini? Dada, hiyo nyama au hirizi?"

Foleni ikaangua kicheko.

"Ni ya mbwa."

"Mbwa gani anasagiwa paja? Huyo si mbwa, huyo ni shemeji!"

"Mimi na wewe tuna undugu gani mpaka nikuletee shemeji? Futa kisu kwanza. Na hiyo mashine ioshe, umetoka kusaga mafuta humo, nimekuona."

"Kisu changu ni kisafi kama maneno yangu."

"Basi kweli ni kichafu."

Hapo foleni ikahamia upande wa dada. Miaka kumi na mitano nyuma ya mizani, hakuna mteja aliyewahi kumwamuru Muuza Nyama afute kisu. Akafuta. Akaosha mashine. Akapima gramu hamsini kama anapima dawa, akamkabidhi, na alipoinua macho, lile gauni la njano lilikuwa linavuka barabara. Akalitazama mpaka mzee mmoja kwenye foleni akauliza kama bucha imefungwa.

Jumapili akarudi. Hamsini. Jumatatu, hamsini. Jumanne, sabini. Alhamisi, mia.

Sasa Muuza Nyama alikuwa na akili zake, tatizo ni pale alipozitumia. Mtu anayetaka nyama tu, aliwaza, ananunua kilo anaweka kwenye friji. Huyu anakuja kila siku, na kila siku anaongeza kidogo. Mbwa sijawahi kumwona. Hakuna mbwa hapa. Kuna mwanamke mwenye haya zake, na moyo wake unapanda kwa gramu.

Akanyoa ndevu. Akanunua aproni mpya ya mistari. Akaomba namba ya simu, eti nyama iwe inamsubiri tayari, na akapewa kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi polisi.

"Haloo, fundi wangu. Leo ngapi?"

"Mia na hamsini. Na mimi si fundi wako, mimi fundi wa watu wote."

"Jana mia na ishirini. Naona unaongeza, mrembo."

"Tumbo likikubali naongeza. Likikataa narudi nyuma."

"Na moyo je?"

"Unasemaje? Cherehani inapiga kelele."

"Nasema nyama ipo."

Alikata simu akiwa anatabasamu peke yake mbele ya mguu wa ng'ombe unaoning'inia.

Jumatatu ya pili, Fundi akaagiza gramu mia mbili. Mia mbili! Muuza Nyama akaona sasa mambo yameiva. Mkono wake ulikuwa na desturi moja: mteja wa moyoni hapimiwi bila nyongeza. Akachukua ngumi nzima ya maini laini, akatia na kipande cha mafuta meupe ili ilainike, akasaga vyote pamoja na lile paja, visionekane. Akaona akisema atakataliwa. Akafunga vizuri, akampa huku anapiga mluzi.

Kesho yake bucha ilikuwa imejaa. Fundi akaingia bila kupanga foleni. Gauni limejikunja, macho mekundu, mkononi mfuko uliofungwa mafundo mawili. Akaubwaga juu ya mizani.

"Umeweka nini kwenye nyama yangu?"

"Karibu, mrembo. Si nyongeza tu, nili..."

"Nyongeza gani?"

"Maini. Na mafuta kidogo. Zawadi."

"Zawadi!" Foleni yote ikasogea karibu isikie, hata yule mzee. "Mbwa wangu Pasi ameharisha tangu alfajiri. Baraza nzima! Siku kumi namtoa kwenye kuku wa kuchemsha, namwingiza kwenye nyama mbichi kijiko kwa kijiko, daktari wa mifugo kaniandikia kila siku kiasi gani, na wewe unanitilia maini kwa siri? Fungua huo mfuko uone zawadi yako ilivyotoka."

"Kwani..." Muuza Nyama akautazama mfuko. "Kwani mbwa yupo kweli?"

Fundi akamtazama kama nguo iliyokatwa vibaya, ambayo hata kiraka haifai.

"Kumbe ulifikiri nini?"

Foleni ikamjibia kwa kicheko, na hiki hakikuwa cha kumpendeza.

"Shangazi yangu, mwenye nyumba, amesema uchafu ukiwa bado barazani Jumapili, Pasi anapelekwa kwa walinzi wa ghala. Akafungwe mnyororo, umri wake ule. Baba aliniachia vitu viwili tu, cherehani na Pasi. Cherehani hujaiharibu bado."

Akaondoka. Mfuko akauacha.

Mchana Muuza Nyama alifunga bucha mapema, akavua aproni ya mistari, akauliza njia mpaka akaifikia nyumba. Mlangoni alikutana na mwanamke mnene, leso kiunoni, ndoo mkononi.

"Wewe ndiye wa maini?"

"Shikamoo, Shangazi."

"Usiniamkie. Jibu."

"Ndiye mimi."

"Ingia uone kazi yako."

Barazani kulinuka dawa ya kuoshea. Kwenye kona, juu ya vipande vya kitambaa, alilala mbwa wa kahawia mwenye mvi mdomoni, mbavu zinahesabika. Akainua sikio moja, akalishusha. Ukutani, juu ya cherehani, karatasi ya daktari ilibanwa kwa pini: *Tumbo limekataa kila chakula cha mbwa cha dukani. Kuku wa kuchemsha apungue, nyama mbichi iongezeke polepole. Aina moja tu kwanza. Ini na mifupa, hapana, mpaka nitakaposema. Akiharisha, rudini mwanzo.* Pembeni, kwa kalamu ya Fundi, siku zote kumi: hamsini, hamsini, hamsini, sabini... Hatua zote alizodhani ni za moyo wa Fundi, mwenzangu, na zote zilikuwa za utumbo wa mbwa.

"Kwa nini usinunue ya wiki nzima?" Muuza Nyama aliuliza taratibu.

"Friji ni ya Shangazi," Fundi akasema kutoka kwenye cherehani, bila kugeuka. "Shangazi hataki nyama ya mbwa ilale na maziwa yake."

"Na sitaki!" Shangazi akajibu kutoka mlangoni. "Na huyo mbwa anaondoka Jumapili."

"Shangazi, nipe wiki mbili," Muuza Nyama akasema. "Kosa ni langu. Kila asubuhi kabla sijafungua nitakuja kuosha baraza mwenyewe."

"Wewe? Utaosha kinyesi cha mbwa?"

"Nimekisababisha."

Shangazi akampima juu mpaka chini, kisha akamkabidhi ndoo. Fundi alikanyaga cherehani kwa nguvu, kama mtu anayemkanyaga mtu.

Basi wakarudi mwanzo. Kuku wa kuchemsha siku tatu, halafu kijiko kimoja cha paja mbichi. Kila asubuhi Muuza Nyama alikuja na ndoo, brashi na, baada ya hizo siku tatu, kifurushi kidogo kilichoandikwa gramu zake. Fundi alifungua kila kifurushi, akakinusa, akakichambua kwa ncha ya mkasi.

"Umefuta kisu?"

"Nimenunua kisu cha Pasi peke yake."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna."

"Basi usitegemee asante."

"Sijategemea. Umeamkaje?"

"Nimeamka nikakukuta hapa."

Hivyo ndivyo walivyosalimiana, siku kumi na mbili. Siku ya tano baraza ilikuwa kavu, lakini akaiosha. Siku ya nane Pasi akamfuata mpaka getini, akitikisa mkia. Fundi akamwita mbwa kwa ukali, na Muuza Nyama akaona Fundi anamwonea wivu kwa mbwa wake, akalifunga hilo moyoni pamoja na mengine. Siku ya kumi na mbili Shangazi akazunguka baraza nzima anatafuta kosa, akainama hadi chini ya cherehani, akakosa.

"Mbwa kapona," akasema, kama anayetangaza hasara. "Haya, nyama yake iwekwe friji, rafu ya chini. Nimechoka kufungua geti kila alfajiri."

Muuza Nyama alisikia ndoo ikimwia nzito. Siku kumi na mbili aliomba Mungu Shangazi alainike, na sasa kalainika, ndiyo kamfukuza.

"Saba," Fundi akasema. "Vifurushi saba, gramu mia mbili kila kimoja. Vya wiki nzima. Nitavifuata mchana."

Akavifuata mchana, gauni la njano, pini tatu. Muuza Nyama hakutania. Akamkabidhi mfuko, yeye akaupokea, akasema "Haya," akavuka barabara.

Saa kumi simu ikaita.

"We bwana, umenipunja. Ni sita."

"Najua."

"Unajua? Bado hujakoma kucheza na chakula cha Pasi?"

"Sichezi. Cha saba ninacho hapa. Paja tupu, bila mafuta, bila ini, bila nyongeza. Kisu ni kile chake." Alishika simu kwa mikono miwili. Nyuma ya sauti ya Fundi, cherehani ilikuwa inakwenda. "Ningekupa vyote saba ningekuona wiki ijayo. Mimi siwezi wiki. Nilikosea kufikiri zile gramu zilikuwa zangu, sikosei tena. Leo nasema kwa mdomo, si kwa siri ndani ya nyama. Nataka nije na wazee wangu kwa Shangazi, kukuposa, bila ndoo. Kama hutaki, njoo uchukue kifurushi cha Pasi, nikupe, uende zako. Kama unataka, njoo ukae kidogo. Lakini njoo."

Cherehani ikasimama.

Simu haikukatwa. Alisikia Pasi akilamba bakuli tupu, kisha mlango wa friji, kisha geti la Shangazi likifunguka.

"Fundi," akasema. "Njoo, tafadhali."